Jina Letu Halikodishwi

Mpanda, 2 Novemba 2022

Baba mdogo Sifael,

Shikamoo. Natumaini goti la Mama mdogo Mektrida limepungua uvimbe na kwamba anatumia ile dawa ya kuchua, si kuitunza kabatini. Mimi ni mzima. Mvua huku hazijaanza, vumbi ni jingi. Nakohoa asubuhi, mchana naacha.

Naandika kwa sababu simu kwako ni kazi bure. Kompresa ya machimbo iliondoka na masikio yako, na herufi za ujumbe huzioni mpaka umwite jirani akusomee. Mambo ya kampuni sitaki yasomwe na jirani. Barua nitazituma kwa basi. Fundi wetu Shedrack atazipokea stendi ya Moshi na kukuletea Masama.

Kazi ni ileile niliyoiendea Septemba: foromani wa kalavati kwenye barabara ya watu wengine. Najua hulipendi neno foromani kwa mtoto wa marehemu kaka yako, tena mwenye kampuni. Lakini tangu corona Moshi hakuna anayejenga. Zile nyumba mbili za wageni za Marangu tulizozifikisha kwenye lenta Machi 2020 bado zimesimama na nondo juu. Mafundi saba wamebaki wawili. Nusu ya yadi yetu ya Pasua inauza chipsi. Huku angalau napata ada ya leseni.

Sasa jambo lenyewe. Shedrack ameona tangazo. Mradi mmoja wa umwagiliaji utajenga upya mfereji wa mashamba ya mpunga kule Chekereni, na kazi imetengwa kwa kampuni ndogo za wenyeji zinazoongozwa na wanawake. Bahasha zinapokelewa hadi 28 Februari. Baba mdogo, wanaotafutwa ni sisi. Nitakuja Krismasi tuandike zabuni mezani kwako. Kwa sasa tunza kisanduku cha vyeti na muhuri.

Mwanao,
Eunike

*

Masama, 21 Novemba 2022

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Barua yako imetumia siku kumi na moja kufika. Goti la mama yako mdogo liko vilevile. Dawa iko kabatini. Ng'ombe amezaa, ndama ni dume. Kahawa mwaka huu ina bei nzuri, ila kahawa yenyewe haipo. Brenda wetu amepangiwa zamu ya sikukuu hospitalini Dodoma, kwa hiyo Krismasi tunakungoja wewe tu. Mbuzi amefungwa tangu Julai na amenona mpaka kutembea ni shida.

Nilishuka Pasua Jumanne. Muuza chipsi ameweka jiko lake juu ya sakafu ilipokuwa mashine yetu ya zege kabla hatujaiuza. Nikamwambia asogee. Akasema, "Mzee, niache, hapa pamesawazishwa vizuri, mafuta hayamwagiki." Nilimwacha. Aliyepasawazisha ni mimi.

Habari za Chekereni nimezisikia na nimefurahi. Mfereji ule naujua. Mimi na baba yako tuliuziba ufa mwaka 1988.

Unaniambia nitunze muhuri wa kampuni wakati wewe huko umevaa ovaroli lenye jina la kampuni nyingine. Sawa. Nitautunza.

Baba yako mdogo,
Sifael

*

Mpanda, 14 Desemba 2022

Baba mdogo,

Shikamoo, na salamu kwa Mama mdogo. Mimi sijambo.

Krismasi sitaweza kuja. Kazi imebana, tunamalizia kalavati kubwa kabla maji hayajajaa. Mchinjeni mbuzi, msimngojeshe kwa ajili yangu. Nitakuja mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, muda wa zabuni utatosha.

Jambo moja tu. Baba aliandika kwenye katiba ya kampuni kwamba saini ya mmoja wetu inatosha. Kwa hiyo nakuomba usisaini karatasi yoyote kabla sijafika, hata ya mtu unayemjua.

Eunike

*

Masama, 5 Januari 2023

Mwanangu Eunike,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Barua yako ya tarehe 14 nimeipata tarehe 29. Mbuzi alikuwa ameshaliwa.

Tulikungoja. Kila gari lililopanda mama yako mdogo alitoka kuangalia, na hilo goti lake. Saa tisa mchana nikachinja. Kanisani watu walijaa, waliotoka Dar na Arusha, wenye suti. Mchungaji alihubiri muda mrefu. Kila mtu aliniuliza, "Mkandarasi yuko wapi?" Nikawajibu kazi imebana, ingawa siku hiyo sikuwa nimeipata barua yako. Nilikuwa nakisia tu.

Praygod alikuja kututazama, yule kijana wa Mzee Ndesario wa hapa juu. Sasa ni meneja wa kampuni kubwa ya ujenzi, ofisi yao iko mkoa mwingine. Ni kijana mwenye adabu. Hakuja mikono mitupu. Tulizungumza habari za Chekereni. Wao wana mitambo, wana magari, ila tangazo haliwaruhusu. Anasema zipo kampuni ndogo zinazowaachia wakubwa jina lao, wakubwa wanafanya kazi, mdogo anapata fungu lake bila kushika koleo.

Nieleze wewe uliyesoma: jina lina ubaya gani likifanya kazi wakati mwenyewe hayupo?

Ndama anaendelea vizuri.

Sifael

*

Mpanda, 19 Januari 2023

Baba mdogo,

Shikamoo. Nashukuru ndama anaendelea vizuri. Mwambie Mama mdogo naomba radhi kwa kila gari alilotoka kuliangalia.

Umeniuliza swali, nalijibu. Kwenye barabara hii kuna ubao wenye jina la kampuni. Kwa miezi yote niliyokuwa hapa sijamwona mtu hata mmoja wa kampuni hiyo. Aliyeniajiri aliajiriwa na mwingine, na huyo mwingine aliipata kazi kwa mwenye jina. Novemba kalavati moja lilipasuka siku ya pili baada ya kufukiwa. Nikatafuta wa kumwambia. Mhandisi wa serikali alipokuja aliandika jina lililo kwenye ubao, akaondoka. Huo ndio ubaya wake. Mfereji wa Chekereni ukipasuka, mpunga wa watu ukafa, hawatamwandika Praygod. Watamwandika Eliudi na Ndugu, na huyo Eliudi, baba yangu, yuko kaburini kwenye kihamba chenu, kati ya migomba, hawezi kujitetea.

Tena wameitenga kazi hii kwa ajili ya watu kama sisi. Miaka mitatu tumekaa tukisubiri kazi ambayo wakubwa hawawezi kuitia mkononi. Imekuja, halafu tuwape kwa mlango wa nyuma? Siwapi. Nitaandika bei yangu, nitaweka jina langu. Nikishindwa, nitakuwa nimeshindwa mimi.

Sasa na mimi nina maswali, na nakuomba uyajibu moja moja, usinieleze habari za ndama. Praygod alikuja na nini? Ulikipokea? Ulisaini?

Eunike

*

Masama, 1 Februari 2023

Mwanangu,

Marahaba. Tuko wazima.

Alikuja na mbege. Nilipokea. Nilisaini.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu nimeandika barua hii mara tatu na mara mbili nimeichana. Siku ya Krismasi mama yako mdogo alikuwa jikoni, mimi nimekaa uani na nyama ya mbuzi mzima mbele yangu na hakuna wa kuila. Praygod akaingia na ndoo ya lita ishirini. "Shikamoo Baba mdogo! Heri ya Krismasi!" Kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia. Nikasema marahaba, kaa. Akachota, akaonja yeye kwanza kama inavyotakiwa, akanipa kata. Nikanywa. Ilikuwa pombe iliyoiva vizuri, ndizi nzuri, ulezi mzuri. Nikanywa ya pili. Ndipo akasema, "Baba mdogo, nimekuja na neno."

Unajua utaratibu wetu. Anayekuja na pombe ya neno, neno hutangulia. Ukilikubali ndipo unaonja. Ukishaonja, umeshajibu. Vijana wote wa ukoo huu mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, wanapokuja wachumba na wanapokuja wenye kesi za mipaka. Mimi nilidhani ile ni ya sikukuu. Nikamwambia, "Praygod, mbona hukusema kwanza?" Akacheka. "Baba mdogo, wewe ndiye mwalimu. Mbona hukuuliza?"

Nilisaini kwenye kata ya nne. Ni karatasi moja, inasema tumewaruhusu kutumia jina na vyeti. Muhuri nilipiga mwenyewe.

Mama yako mdogo alitoka jikoni akakuta nimeshamaliza. Alisema, "Watu wakija kuposa mabinti unauliza mpaka jina la bibi, leo umeshindwa kuuliza ndoo?" Tangu siku hiyo ananipikia kiburu cha ndizi na maharage, bila nyama.

Kilichonywewa siwezi kukitapika. Mbele ya ukoo mimi nimeshasema ndiyo.

Sasa swali langu, ulijibu hivyo hivyo, moja kwa moja. Valeria, binti wa yule mchungaji aliyehamishwa, ameolewa huko Mpanda. Alikuwa hapa wiki iliyopita. Anasema kambi yenu ya barabara ilifungwa tarehe 9 Desemba na geti lina kufuli. Barua yako ya tarehe 14 inasema kazi imebana. Ni kazi gani?

Sifael

*

Mpanda, 10 Februari 2023

Baba mdogo,

Shikamoo.

Valeria amesema kweli. Tarehe 9 tulifika asubuhi tukakuta kufuli. Nilipiga namba iliyo kwenye ubao. Aliyepokea aliuliza jina langu mara mbili, akasema hawajawahi kuwa na mtu wa jina hilo. Tangu siku hiyo napiga lipu jiko la shule ya misheni hapa. Ni kazi nzuri, ya siku chache.

Nauli ya kuja Krismasi nilikuwa nayo. Kitu kingine sikuwa nacho. Unajua ilivyo kwetu: gari likisimama, watu wanaangalia kwanza buti limebeba nini. Nisingeweza, mimi mkandarasi, kupita na begi moja mbele ya wale wenye suti, halafu jioni mnihesabie nyama ya mbuzi. Kwa hiyo nilikudanganya. Ningekuja, Praygod angekukuta na mtu wa kukaa naye na wa kuuliza ndoo ni ya nini. Hilo nalibeba mimi. Huhitaji kulitaja tena, na mimi sitataja kata ya nne.

Lakini sikubaliani na wewe kwamba mambo yamekwisha. Uchumba ukivunjika, ng'ombe hurudishwa na pombe huhesabiwa. Nimeona kwa macho yangu Baba akirudisha. Mbege ya Praygod ina nini cha zaidi? Pika nyingine. Ndoo ileile, ijae kama ilivyojaa. Mpelekee mbele ya watu, na safari hii neno litangulie.

Naondoka huku tarehe 20. Nitakuwa yadi ya Pasua naandika bei, mimi na Shedrack. Unitumie vyeti kwake. Kama karatasi ile haijarudi ifikapo tarehe 28, nitapeleka zabuni hivyo hivyo, nao wapeleke yao kwa jina langu. Ofisi ya mradi itakuwa na bahasha mbili za kampuni moja, na nitasimama pale kueleza kwa nini, hata kama ni mbele ya Praygod.

Eunike

*

Masama, Jumapili 26 Februari 2023

Mwanangu Eunike,

Shedrack ananisubiri mlangoni, amesema pikipiki si yake. Vyeti ulishapata. Nilikukataza kupanda huku leo kwa sababu aliyekunywa ni mimi, si wewe.

Mama yako mdogo aliloweka ulezi siku ileile barua yako ilipofika. Hakuniuliza. Ndizi zilitoka kwenye kihamba chetu. Leo baada ya ibada nilikwenda kwa Mzee Ndesario. Nilijua wazee wanakaa pale kila Jumapili. Walikuwa kumi na mmoja. Praygod alikuwepo, gari lake limesimama chini ya mgomba. Niliweka ndoo katikati ya ua na kuketi juu ya kifuniko.

Ndesario akasema, "Sifael, inuka basi, tumeona ndoo."

Nikasema, "Neno linatangulia."

"Sema."

"Hii inarudisha Krismasi. Mwanao alinipa pombe kabla ya neno. Nilikunywa, kosa langu. Aliniwekea karatasi, nikasaini, kosa langu la pili. Leo nimeleta ndoo, ndizi zangu, ulezi wangu. Karatasi ikirudi mkononi mwangu, nainuka. Isiporudi, nitakaa hapa."

Praygod akasema, "Baba mdogo, mambo ya sasa yanaenda kwa mikataba. Pombe na mkataba ni vitu viwili."

Nikamwambia, "Kama ni vitu viwili, mbona ulianza na ndoo? Ungekuja na kalamu tu."

Wazee wakacheka. Yeye akaanza kueleza habari za mitambo, na jinsi mnavyoweza kupata fungu bila jasho, na kwamba wewe huna hata mashine ya zege. Alisema sana. Mimi sikumsikia vizuri, na sikumwomba arudie. Jua lilikuwa kali. Wazee walitoka kwenye ibada ya saa tatu, na mbege ilikuwa inanukia kupitia kifuniko. Nilianza kuona wanavyomtazama. Hakuna aliyemgombeza. Walimtazama tu, kama mtu aliyesimama mbele ya bomba.

Mwishowe baba yake akasema, "Praygod, iko wapi hiyo karatasi?"

"Iko kwenye gari, baba, lakini—"

"Gari liko hapo."

Akaenda. Akarudi nayo. Alinipa kwa mkono mmoja, Ndesario akamkemea, akanipa kwa miwili. Nikaisoma yote, pole pole, kwa miwani, saini yangu na muhuri. Ndipo nikainuka.

Sikunywa. Nilimwachia kata Ndesario nikaondoka. Praygod alinifuata mpaka barabarani. Akasema, "Baba mdogo, mtakufa njaa na hilo jina lenu." Nikamwambia tumeanza mwaka 2020 na bado hatujamaliza.

Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Ichome, au itundike ukutani, ni juu yako.

Sifael

*

Moshi, 26 Mei 2023

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimesikia Mama mdogo ametembea mpaka gulioni kwa mguu wake. Mwambie nimefurahi. Samahani kwa kimya. Masika imekata njia ya Chekereni na mimi nimekuwa nikishinda ofisi ya mradi.

Karatasi sikuichoma. Niliiambatanisha na zabuni, pamoja na barua ya kuifuta, nikaomba zote zigongwe muhuri wa kupokelewa. Karani aliuliza kwa nini natoa siri yangu mwenyewe. Nilimwambia ili asije mtu akatoa nakala yake.

Majibu yametoka. Hatukupata mfereji wote. Wameugawa vipande vitatu. Cha juu, karibu na banio maji yanapoingilia, na cha katikati wamepewa wengine. Cha katikati kimekwenda kwa kampuni ambayo mkurugenzi wake hakuonekana siku ya kusaini. Alikuja mtu na barua ya kuwakilisha. Mtu huyo alinisalimia vizuri. Umeshamjua.

Sisi tumepewa cha mwisho: mita mia tatu na arobaini, kwenye mkia, mahali ambapo maji yakifika ni tope. Mhandisi wa mradi alinionyesha kwenye ramani akasema, "Dada, wengine wamekikataa hiki." Nikamwuliza vipimo vya mteremko. Akanipa. Nikasaini.

Mashine ya zege hatuna na sikodishi. Bei niliyoandika ni ya koleo. Shedrack yupo, na wale wanne wa zamani wameacha kuendesha bodaboda wamerudi. Waliuliza kama kazi ni ya kweli. Niliwapeleka wakaione. Mmoja aliingia topeni mpaka magotini akasema ni ya kweli.

Nimechora ubao mwenyewe. Una jina la kampuni, na chini yake jina langu na namba yangu ya simu, kwa herufi kubwa kuliko zinavyotakiwa. Mfereji ukipasuka, wanipigie mimi.

Kazi inaanza Jumatatu tarehe 5 Juni, saa moja asubuhi. Sikuiti kama mkurugenzi, wakurugenzi sina mahali pa kuwakalisha. Nakuita kama fundi mwashi. Kingo za mfereji zinataka mtu anayejua kunyoosha jiwe kwa jicho, na wewe macho ya mbali bado unayo. Malipo ni ya fundi. Ukichelewa nitachukua mwingine, wako wengi wanaosimama getini Pasua.

Eunike

*

Masama, 29 Mei 2023

Eunike,

Barua imefika.

Chekereni saa nne jua linapasua zege bichi, na wewe unaanza saa moja. Nani alikufundisha? Mimi nitakuwa pale saa kumi na mbili kamili. Nikikuta mmechanganya kabla sijaona mchanga, mtamwaga chini.

Sifael